Siku Kioo Kilipolikataa Joto

Kioo chenyewe kilikuwa kidogo, upana wa vidole viwili, na utando uliopakwa juu yake ulikuwa mwembamba kiasi cha kutoonekana unene. Ukikiinua dirishani kwa kibano, unaona rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Huo ndio uliokuwa utafiti wangu wa uzamili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: vanadi dioksaidi, mchanganyiko wa metali ya vanadi na oksijeni.

Profesa aliyenisimamia hakuwa msemaji sana, lakini majengo ya vioo yalimkera. Kila akitoka Posta, katikati ya jiji, alirudi na lalamiko lilelile: tunajenga minara ya vioo kwenye jua kama hili, halafu tunateketeza umeme kutwa kucha, viyoyozi vitoe joto tulilolikaribisha wenyewe. Alitaka kioo kinachojiamulia. Vanadi dioksaidi ikiwa baridi ni semikondakta, yaani hupitisha umeme kwa shida kuliko metali, na inapitisha infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho, ambayo hubeba karibu nusu ya nishati ya jua. Ikifika nyuzi 68 za Selsiasi hivi, atomi zake hujipanga upya, inakuwa kama metali, na infraredi inazuiwa. Mwanga wa kuonea unaendelea kupita. Hakuna swichi wala waya. Mwanasayansi F. J. Morin aliieleza tabia hiyo tangu 1959.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Mchana ule nikayaona. Tulikibana kioo ndani ya spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaopita, pamoja na hita ndogo, mimi nikisoma joto kwa sauti, Profesa akiukodolea macho mstari wa infraredi inayopita kwenye skrini. Hamsini, kimya. Sitini, mstari umelala vilevile.

"Taratibu. Kipe nafasi."

Tulipokaribia sabini mstari ukainama, kisha ukaporomoka. Nikakichungulia kioo: rangi ileile, mwanga uleule. Kilichofungwa ni mlango wa joto peke yake! Tulipozima hita, infraredi ilirudi, ila kwa kuchelewa, kwenye joto la chini kidogo kuliko lile la kwendea. Mikono ilikuwa inanitetemeka kwa furaha.

Profesa naye alifurahi, nilimwona, lakini swali alikuwa nalo tayari.

"Sasa niambie, dirisha gani hapa Dar linafika nyuzi 68?"

Hakuna. Na nani atakubali kioo cha rangi ile sebuleni kwake? Akanikabidhi makala ya mwaka 2009 ya N. R. Mlyuka, wa hapohapo Mlimani, akiwa na G. A. Niklasson na C. G. Granqvist wa Uppsala, Uswidi. Walionyesha kwamba ukichanganya metali ya magnesi, utando hupitisha mwanga zaidi, na joto la kugeukia nalo linashuka. Tungsteni, metali nyingine, hulishusha kwa kasi kubwa zaidi, lakini haiongezi mwanga.

Niliisoma usiku kucha bwenini. Kazi ile ilikuwa na mkono wa mtu wa idara yetu, na hilo lilinipa nguvu ambayo vitabu vya kutoka mbali havikuwahi kunipa. Asubuhi Profesa alinikuta mlangoni kwake, nataka kujua magnesi tutaipata wapi.