Nilivyompa jirani yangu kazi ya kuezeka nyumba, Ujiji

Bati za nyumba yetu zilikuwa zimeliwa na kutu, na mvua za Oktoba zilishakaribia. Fundi niliyemjua ni jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye tunaombana hata chumvi. Nilipomuuliza bei alinijibu, "Dada, wewe si mtu wa nje. Tuanze kazi, tutaongea."

Hiyo "tutaongea" niliiogopa kuliko bei yenyewe. Kazi ikiisha bila bei, kila mmoja ana kiasi chake moyoni, na maneno yanaanzia hapo. Nikamwita kwanza fundi mwingine kutoka Mwanga, hapa hapa Kigoma, akapanda, akapima, akanitajia hela ya ufundi. Ndipo nikarudi kwa jirani: "Kaka, nimetajiwa kiasi hiki, wewe unasemaje?" Akacheka, akapunguza kidogo. Tuliandikiana kwenye daftari, mume wangu na mkewe wakasaini kama mashahidi. Huyo mke ndiye niliyemtaka hasa. Hela ya fundi ikijulikana nyumbani kwake, hakuna wa kusema nimemdhulumu.

Vifaa nilinunua mwenyewe kwa orodha yake, tukiwa naye dukani. Mimi macho yalikuwa kwenye geji 30 kwa unafuu wake. Yeye akakataa, akataka geji 28 ambayo ni nene zaidi, maana mwembe wetu umeinamia paa. Anayeishi Ujiji anajua embe bichi likidondoka usiku linavyoshtua watu. Misumari alipiga kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita, na mbao mpya tulizipaka dawa ya mchwa kabla hazijapandishwa.

Malipo tuliyagawa mara tatu: ya kuanzia, ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba bati) zikishakaa, na ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza. Hilo la mvua lilimchoma. "Mvua ikichelewa, mimi nile nini?" Alikuwa na haki, kwa hiyo ya mwisho tuliifanya ndogo.

Kazi ikiwa katikati akapotelea kwenye nyumba ya mtu mwingine huko Gungu, kwetu upande mmoja uko wazi. Sikupiga kelele ukutani. Watoto wanasikia, na wiki hiyo mtaani kulikuwa na msiba, tulikaa mkeka mmoja bila kutaja bati. Baada ya mazishi nikampelekea mkewe daftari, nikamwonyesha tu kwamba malipo ya pili bado hayajachukuliwa. Kesho yake jamaa alikuwa juu ya paa kabla sijainjika chai.

Mvua ilipokuja, palivuja mahali pamoja kwenye kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa. Akapanda, akaziba, nikamlipa salio lake. Bati zilizobaki aliziomba kwa ajili ya banda la kuku. Nikamuuzia kwa nusu bei, na hilo nalo tukaliandika.