Kamera mbili, poti moja

Jamani jana nimelala saa nane usiku hapa Mwanga, Kigoma, sababu ya kamera mbili tu. Moja iko getini nyingine bandani kwa kuku, nikataka nikisafiri nizicheki kwenye simu. Zote zinatumia poti 80 (poti ni kama namba ya mlango wa kuingilia kwenye kifaa), na mimi kwa akili zangu nikaingia kwenye ruta nikafowadi 80 kwa zote, yaani anayeingia toka nje kwa poti hiyo apelekwe kwenye kamera, ruta ikaigomea ya pili. Na kweli, kwa nje nyumba ina anwani moja, ruta itajuaje unamtaka nani? Basi ya getini nikaipa 8081 kwa nje, ya bandani 8082, kwa ndani zikabaki 80 vilevile, ikakubali.

Nimefurahi kidogo tu umeme ukakata, uliporudi kamera zimebadilishana IP (anwani zao za ndani), nafungua geti naona kuku 😂 Ikabidi nizifungie IP zao kwenye DHCP, sehemu ya ruta inayogawa IP, kwa namba za MAC, zile zinazotambulisha kila kifaa.

Halafu usijaribu kuzifungua kwa anwani ya nje ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, ruta nyingi zinagoma, nimepoteza lisaa zima nahangaika, kuwasha data ya simu kumbe kitu kilikuwa kinapiga kazi muda wote. Ila kabla ya yote cheki IP ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ruta, ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 uko nyuma ya NAT ya kampuni ya mtandao, yaani wateja wengi mnachangia anwani moja ya nje, utafowadi mpaka kuche, omba pablik IP (anwani ya nje ya kwako mwenyewe) kwanza. Na paswedi ya kiwandani badilisha aisee.

Asubuhi mzee ananiuliza, "sasa hiyo kamera inataga?"