Potwe na dagaa wa Kibirizi

Jana jioni nlikua Kibirizi, huku Kigoma, namsaidia mama mdogo kugeuza dagaa kwenye chanja, mikono iko kwenye dagaa ila akili yote iko kisiwani Mafia. Tangu Desemba nilipoenda kwa shemeji Kilindoni nikamwona potwe, sijatulia. Potwe ni papa, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anafika hadi mita 18, na hana habari na mtu kabisa, anapanua tu domo anachuja vidudu na visamaki. Alipita ubavuni mwa boti yetu taratibu, mgongo mpana umejaa madoa meupe, kijana wa boti akasema hayo madoa ni kama alama za vidole, hawafanani wawili, ndo maana watafiti wanawapiga picha nyuma ya mashavu upande wa kushoto wapate kuwahesabu.

Ila kuhesabu vichwa hakutoshi jamani. Mwaka 1995 kule Taiwan alivuliwa potwe jike ana watoto kama 300 tumboni, unasema hapo si ukoo mzima? Baadaye wakaja kupima DNA ya baadhi yao, wote baba mmoja. Yaani samaki wanaweza kuonekana wengi na damu ikawa ileile, ukija ugonjwa au maji yakipata joto wanayumba wote pamoja. Na DNA inaonyesha potwe wa Bahari ya Hindi na wa Pasifiki ni ukoo mmoja, wa Atlantiki ndo wako tofauti, kwahiyo anayechinjwa huko Asia ni ndugu wa huyu wa Mafia. Hilo liliniuma. Tangu 2016 wamewekwa kundi la walio hatarini kutoweka, wamepungua zaidi ya nusu ndani ya miaka 75.

Mama mdogo akaniuliza, sasa si wafunge na bahari kama walivyotufungia Ziwa Tanganyika? Anasema ile ya 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15, tulivyokaa miezi mitatu bila kuvua. Nikamwambia mama, dagaa anakua na kuzaa ndani ya mwaka, ukimpumzisha kidogo anarudi, potwe anahitaji kama miaka 25 au zaidi ndo azae. Wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambayo hayajakomaa, hata yule wangu aliyekua mrefu kuliko hiace inawezekana alikua bado mtoto.

Akaacha kugeuza. "Mtoto? Sasa mama yake yuko wapi?"

Nilikosa jibu, tukafunika dagaa giza likiingia.