Kadi ya Warburton na maneno ya shemeji

Maneno ya shemeji yamenikaa kooni. Mwanangu Idi alikuwa ameinamia sahani yake, kadi nyekundu ya mechi ya raga ya jana yake bado inamuuma, shemeji akasema: "Mwanao kamrithi yule nahodha wenu wa Wales. Mechi haijachanganya, yuko nje, nchi nzima inalia."

Nikamwambia, "Shemeji, mwache mtoto ale."

"Nasema ukweli tu, shemeji."

Ukweli! Basi autaje wote. Oktoba 2011, Auckland, nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga. Nahodha mwenyewe, Sam Warburton, kijana wa hapa hapa Cardiff aliyesoma shule moja na mwanasoka Gareth Bale, ndiyo kwanza ametimiza miaka 23. Akamkaba Vincent Clerc wa Ufaransa, akamnyanyua hadi miguu ikapita kichwa, akamwachia hewani. Refa Alain Rolland akatoa nyekundu, na Warburton mwenyewe baadaye alikiri refa alikuwa sahihi. Wales wakacheza karibu saa nzima wakiwa 14 dhidi ya 15, wakafungwa 9-8. Pointi moja! Mpira wa adhabu wa Leigh Halfpenny, alioupiga kutoka karibu na katikati ya uwanja, ulipita chini kidogo tu ya mwamba, na kwenye raga lazima upite juu. Mbona hilo shemeji halisemi?

Wiki hii wifi kajifungua salama na mimi nimehamishiwa zamu za usiku, lakini akili yangu iko pale pale mezani. "Nasema ukweli tu." Mbele ya mtoto!

Jana Idi alinifuata jikoni nikifunga chakula cha kazini. "Mama, walimvua unahodha?"

"Nani amvue? Mwaka uliofuata, yeye akiwa nahodha, Wales waliwafunga wapinzani wote watano kwenye Mataifa Sita, mashindano ya raga ya kila mwaka Ulaya. 2013 akawaongoza Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, kule Australia, wakashinda. 2017 wakampa tena, New Zealand, wakatoka sare."

Akacheka, akachota wali kwenye sufuria kwa mkono. Moyo wangu ukawa mweupe kabisa.

Hakuuliza aliishia wapi, nami sikumwambia. Julai 2018 Warburton alistaafu akiwa na miaka 29, baada ya kupasuliwa shingo na goti, mwili umekataa. Idi naye anavaa namba 7, jezi ya watu wa kujitupa chini kugombea mpira. Nilimtazama shingo akila.

Halafu mama Tanga hapokei simu tangu juzi. Dada anasema ni chaji. Chaji gani hiyo ya tangu juzi?