Chumba cha Shunemu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Roho amenishika kwenye jambo la fedha. Ndugu yangu alipiga simu akiwa na shida, nikamwahidi palepale, tena fedha tuliyokuwa tumeitenga kwa ajili ya ada ya watoto. Mke wangu alizipata habari siku ya tatu, kwa mtu mwingine. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Baba, hivi na mimi ni wa humu ndani?" Nilikosa jibu.

Nikarudi kwenye 2 Wafalme 4, kwa yule mama Mshunami, wa mji wa Shunemu. Tunamkumbuka kwa mwanawe aliyefufuliwa, lakini tazameni mwanzo. Yeye ndiye anayemwambia mumewe wamjengee nabii Elisha chumba kidogo, wamwekee kitanda, meza, kiti na kinara. Wazo ni lake, na lina gharama. Hatusomi popote kwamba mume alimwuliza fedha ni za nani. Na sura ya 8, baada ya njaa ya miaka 7 aliyoikimbia, anakwenda mwenyewe kwa mfalme kulilia nyumba yake na shamba lake. Akarudishiwa vyote, pamoja na mapato ya shamba tangu siku alipoondoka.

Wanaume wenzangu, mniwie radhi, ninajisema na mimi. Tunamwachia mke fedha ya matumizi ya siku, tunasema tumemshirikisha. Lakini kiwanja, mkopo, msaada kwa ndugu, anaambiwa yameshaamuliwa. Wapo wanawake ambao hata mshahara wao wenyewe wanauomba, kadi ya benki iko mfukoni mwa mume. Kisha tunashika Waefeso 5:23, mume ni kichwa cha mke, kichwa, kichwa, na mstari wa 21 wa kunyenyekeana tunauruka! Kristo aliye kichwa alijitoa kwa ajili ya kanisa. Mama anayebembeleza fedha ya kumpeleka mtoto hospitali hujifunza kuficha akiba, nasi tunamwita mdanganyifu. Ndugu zangu, kuficha huko tumemfundisha sisi. Tutubu.

Jana usiku tulikaa mezani na daftari. Nilimwonyesha madeni yote, na yale mawili asiyoyajua. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniomba kalamu. Bado hatujamaliza. Mtuombee.