Mkasi wa flai nilioupata duka la vifaa vya hospitali

Shangazi yangu ni fundi cherehani Magomeni, na kwake mkasi wa kitambaa ni mwiko kukatia hata karatasi, kwahiyo nilivyomuomba nikakatie manyoya ya jogoo hakunijibu kitu, aliuchukua pale mezani akautia kwenye droo ya cherehani akafunga. Ndo baadae akasema, "Manyoya? Mkasi wangu? We mtoto una wazimu."

Hii ilikuwa 2018, mwaka wa Kombe la Dunia kule Urusi. Nilikuwa nakaa kwa shangazi na kibarua changu kilikuwa kwenye boti ya mjomba Msasani, boti ya kupeleka wageni kuvua. Sasa kuna mgeni alitokea Afrika Kusini, yeye chambo cha samaki hagusi kabisa, ni flai tu, yaani chambo cha manyoya na nywele unachofunga mwenyewe kwa uzi kwenye ndoano, na alivyoondoka akamwachia mjomba jiliwa dogo la kubania ndoano, bobini na uzi wake, na mfuko wa manyoya ya rangi rangi. Mkasi akaondoka nao. Mjomba akaona sawa tu, Dar hii kuna mtu anakosa mkasi? Na mjomba bwana kwa kuahidi, kuna wageni wengine walikuwa wanakuja Jumapili akawaambia flai zipo, za hapahapa Bongo, zimefungwa na mpwa wangu. Mpwa mwenyewe hajafunga hata moja.

Tulikuwa tumeachiwa flai moja ya mfano, inaitwa Clouser Minnow, aliibuni Mmarekani Bob Clouser wa Pennsylvania miaka ya 1980. Ina macho mawili mazito ya chuma yanafungwa juu ya mti wa ndoano karibu na tundu, ikizama yale macho yanaibinua, ncha inaangalia juu, kwahiyo hainasi ovyo kwenye matumbawe. Ukiitazama kwa karibu ndo unaona kazi ilipo. Pale kichwani nywele zimekatwa mshazari zikalala, uzi umepita juu yake, halafu umekatwa sentimita sifuri kutoka kwenye tundu la kupitishia mshipi, hakuna hata unywele umeziba tundu. Mkasi mnene ukiupeleka pale unakata vyote, unywele na uzi, na uzi ukikatika kabla hujapiga fundo flai nzima inakufumukia mkononi.

Shangazi alipopoa ndo akanisaidia, maana mambo ya mkasi ndo yake. Akanikatia kipande cha shifoni, ile nyepesi ya mitandio, akaniambia kilowanishe kidogo halafu ukate kwa ncha. Siyo kwa tumbo la mkasi, tumbo hata mkasi mbovu unakata. Ncha. Ikitafuna kitambaa au ikikivuta kikaingia katikati ya visu, rudisha. Na uunyanyue kwenye mwanga ukiwa umefungwa, mkasi mzuri visu vinaacha uwazi kidogo katikati, vinakutana kule mbele. Vikiwa vimebanana urefu wote, au kule mbele kuna upenyo, achana nao.

Basi nikaingia Kariakoo na shifoni mfukoni na chupa ya maji. Elfu 20 ya mjomba. Machinga wa Msimbazi walinionyesha mikasi ya saluni, mirefu, inang'aa kinoma, na kweli inakata nywele vizuri sana ila ni mirefu mno, mimi nataka kitu cha sentimita kumi hivi ambacho naweza kukiacha kiganjani huku nazungusha uzi, maana yule mgeni alikuwa hauweki mkasi chini kabisa, kidole cha pete kiko ndani ya tundu muda wote. Jamaa mmoja akanitolea wa kucha. Mwingine akaniuliza shifoni ya nini, nikamweleza, akaita wenzake waje waone mtu anayemfungia samaki manyoya.

Kwenye maduka ya vifaa vya mafundi nikapata ile midogo ya kudarizi, ya dhahabu, yenye umbo la ndege mwenye mdomo mrefu. Ncha nzuri kweli, shifoni ilipita. Nilikaribia kulipa. Sema matundu yake ni ya vidole vya bibi harusi, changu kiliishia kwenye kucha, na pale katikati umeshikwa kwa ribiti, siyo skrubu. Ribiti ikilegea ndo basi tena, skrubu unakaza kidogo na bisibisi maisha yanaendelea.

Muuza duka ndo akanipa akili. Mzee wa makamo, ana miwani kwenye kamba, akasema we kijana unachotafuta ni mkasi wa daktari wa macho, nenda kwenye vifaa tiba. Nikamwambia shukrani mzee wangu, nikaondoka mbiombio maana jua lilikuwa linaelekea kubaya na wale wanafunga.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba, magongo ya kutembelea yananing'inia juu, viti vya magurudumu mlangoni. Dada wa kaunta akanitolea boksi, ndani mikasi midogo kila mmoja kwenye mfuko wake wa plastiki, imeandikwa stainless na Pakistan. Hapo nikatulia, maana Sialkot kule Pakistan ndo mji unaotengenezea dunia vifaa vya upasuaji, na ndo hukohuko ilikotengenezwa mipira ya Kombe la Dunia tuliyokuwa tunaiangalia usiku vibandani. Bei elfu 12 mmoja.

"Dada naomba niujaribu."

"Haujaribiwi kaka, ukifungua umenunua."

"Sasa nitajuaje kama unakata?"

"Ni mkasi. Unakata."

Tukabishana pale kistaarabu, nikamwambia sifanyii upasuaji mtu, nikamtolea ile flai ya Clouser nikaiweka kwenye kioo cha kaunta. Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akacheka yale macho. Akauliza na samaki anakubali kweli? Nikamwambia kolekole hana subira dada yangu, kitu kikipita mbele yake kinakimbia anakula kwanza maswali baadae. Sijui ni hiyo au ni kwa vile duka halikuwa na mtu, akasema haya, fungua, ila usinichafulie.

Nikalowanisha shifoni. Wa kwanza ukaitafuna. Wa pili ulikata mpaka katikati, mbele ukaacha nyuzi. Na hii ndo nilikuwa sijaitegemea, boksi moja, kiwanda kimoja, bei moja, na kila mkasi una tabia yake, mmoja mgumu kufungua, mwingine unanyanyulia mwanga unaona kule mbele visu vimepishana kabisa, ncha moja ndefu kuliko mwenzie. Dada mwenyewe akanogewa, akawa ananifungulia yeye, anaunyanyua kwenye taa, "huu hapana," anauweka pembeni. Alivyopata wa kwake akanipa na kusema jaribu huu. Ncha ikaingia kwenye shifoni na kutoka bila kelele yoyote. Nikachomoa unyoya mfukoni, nikakata kijinywele kimoja tu katikati ya wenzie, wengine hawakutikisika. Skrubu ipo. Tundu ni dogo kidogo ila kidole kilipita fundo la kwanza, nikasema hapa panatosha.

Tukamalizana kwa elfu 10 na mia tano, nikapita kwa machinga nikabeba na mkasi wa elfu mbili wa nyaya, maana waya ukiukata na ncha nyembamba mara moja tu unabaki na kijipengo ambacho kila uzi utanasa hapo. Shangazi nilimnunulia soda. Usiku wakati yeye yuko kwa jirani anaangalia mechi mimi nilikuwa kwenye kimeza na taa, tundu kwenye kidole cha pete, nazungusha uzi, nageuza kiganja, nakata, nazungusha. Nywele za sintetiki zilikuwa zinateleza kidogo kwenye visu, mikasi mingine ya flai yenyewe inakuwa na vimeno vidogo upande mmoja kwa ajili hiyo, huu wangu haukuwa navyo, nikawa nazikaza kwanza kwa vidole ndo nakata kidogo kidogo. Flai zangu za kwanza zilikuwa na vichwa vikubwa hivyo ila matundu yalikuwa wazi, mshipi unapita.

Jumapili kusi ilikuwa inavuma, maji makubwa hayaendeki, tukakaa karibu karibu. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya tuliviacha tu kwa mbali, kule ni hifadhi ya bahari hairuhusiwi kuvua, mjomba akatupeleka kwenye mwamba mmoja upande wa Kigamboni. Kolekole walikuwepo, siyo wakubwa, wa kilo mbili tatu, lakini wakawa wanazichana flai mpaka mkia unabaki nyuzi tupu, na mimi nimekaa kwenye sitaha nazifunga upya mawimbi yananirusha, kila nikimaliza nafuta chumvi kwenye mkasi na kitambaa chenye mafuta ya cherehani niliyoyaiba mwenyewe kwa shangazi.

Mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza, akaomba auone. Akaufungua akaufunga, akaunyanyua juani. Akauliza bei, mjomba akamtajia kwa dola akiwa ameizidisha sana, yule mzee akasema mkasi wake wa nyumbani aliununua kwa bei zaidi ya hapo. Mjomba hapohapo akanivuta pembeni.

"Mjomba, muuzie. Kesho tunaenda kununua mwingine."

"Haupo mwingine."

"Si umesema boksi zima?"

"Boksi zima nimelijaribu. Ni huu."

Akanitazama, akaona sitanii, akarudi kwa mgeni na tabasamu lake lile la biashara akamwambia mkasi hauuzwi ila flai zipo. Yule mzee akachukua zote zilizobaki, hata ile yenye kichwa kama embe.