Siku moja maishani mwangu: kuminya taka maabara

Saa 1 asubuhi nishavaa glavu na barakoa, gunia la taka za dampo liko mezani, nachambua na kupima mzani, mabaki ya chakula huku, plastiki kule, karatasi, matambaa, vioo. Harufu unaizoea. Cha kuangalia ni unyevu, zikikaukia mezani hiyo sampuli sio ile tena.

Saa 3 najaza taka kwenye boksi la chuma la kupimia zinavyoshikana, sentimita 30 kwa 30, lina nusu mbili, ya juu imeshikwa ya chini inasukumwa pembeni taratibu mpaka taka zikatike katikati. Boksi dogo la kupimia udongo halifai, mfuko mmoja wa plastiki unalijaza lote. Juu naweka mzigo wa kilopaskali 100, yaani kama kulaliwa na taka za kimo cha mita 10 hivi. Afu unasubiri. Mchanga uliobana ungeshafika kilele ukaachia, ila taka unasukuma weee na geji bado inapanda, mifuko na matambaa yanavutana kama kamba. Vipande vilivyolala sambamba na mkato havisaidii, vinavyoukatiza ndo vinashika.

Ndo maana moto dampo unanitisha kuliko harufu. Leuwigajah, Indonesia, Februari 2005, mvua kubwa ilinyesha na moto ulikuwa umeshateketeza plastiki ndani ya lundo, likaporomoka likaua watu zaidi ya 140.

Saa 8 ndo kazi ninayoipenda, silinda ya maji, humo taka zilizolowa zinaminywa kwa mzigo. Kwenye udongo tunachukulia chembe yenyewe haiminyiki, inayopungua ni nafasi kati ya chembe, na kanuni ya Terzaghi, mhandisi wa udongo, inakaa hapo, toa presha ya maji kwenye mzigo wote, kinachobaki kinabebwa na chembe. Sasa taka? Leo nimefungua silinda nikatoa chupa ya plastiki, kifuniko bado kimekaza, tumbo limebonyea mpaka kuta zinagusana. Hiyo ni chembe, na imeminywa na maji yenyewe. Ukipuuza hilo unakosea hesabu ya nafasi iliyobaki ya maji kupita, na maji yaliyokwama ndo yanayoangusha malundo. Mtu akiniletea hesabu za dampo alizozikopi kutoka kwenye udongo namrudishia, hata kama ana haraka.

Saa 11 jioni naandika geji ya silinda ya pili, saa 10 ilisoma milimita 41.6 sasa ni 41.9, taka bado zinashuka. Mzigo nauacha juu, kesho saa 1 naanzia hapo.